Magari saba, mwezi wa Novemba, kando ya Ziwa Victoria: twende au tungoje?

"Sisi ni familia saba za chama kimoja hapa Nakuru. Kwa miaka miwili tumekuwa tukitengeneza magari ya kulala ndani: matatu tatu za zamani tulizong'oa viti tukaweka vitanda na jiko la gesi, Land Cruiser mbili zenye mahema ya paani, na magari mawili madogo ya kawaida. Shule zikifungwa, mwezi wa Novemba, tunataka kuzunguka mwambao wa Ziwa Victoria kwa siku sita: Kendu Bay, Homa Bay, Mbita na Rusinga, kisha tuvuke kwa feri turudi kupitia Kisumu. Shemeji zangu wa Kisumu wanasema huo ni msimu wa mvua, tungoje Januari. Mume wangu anasema mvua ya vuli si kitu, na mradi tufuatane gari kwa gari na tulale ufuoni pamoja hatutapata shida. Tuna watoto 11, mdogo ana miaka miwili, na mmoja wetu ni mjamzito wa miezi mitano. Nani yuko sahihi?"

Dada, shemeji zako wanasema kweli kuhusu msimu, na mume wako anasema kweli kwamba vuli peke yake si sababu ya kubaki nyumbani. Ila mnabishana juu ya mwezi, na mwezi ndio jambo dogo hapa. Nimeongoza misafara ya magari kutoka Nakuru hadi ziwani kwa miaka mingi, na ninachokiangalia kwanza ni saa. Kando ya ziwa lile, asubuhi na alasiri ni kama nchi mbili tofauti. Pia kuna mambo mawili katika maneno ya mume wako yanayonitia wasiwasi kuliko mvua: kufuatana gari kwa gari, na kulala ufuoni. Nitayafikia yote mawili.

Nianze na mvua yenyewe, kwa sababu ukijua inavyotengenezwa utaweza kupanga siku zako bila kuuliza mtu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea upepo wake. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupaa, na hewa ya ziwani yenye unyevu mwingi huvutwa kuja kujaza nafasi. Ikifika kwenye miinuko ya Kericho, Nandi na Kisii hukutana na upepo utokao mashariki, ikakosa pa kupita ila juu. Huko juu hupoa, mawingu hujengeka, na kuanzia saa 8 au saa 9 mchana radi huanza kunguruma. Ndiyo sababu mkulima wa chai Kericho huiogopa mvua ya mawe wakati wa alasiri, si wakati wa kifungua kinywa. Usiku mambo hugeuka. Bara hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na dhoruba huhamia juu ya ziwa, hasa nje ya Ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa ulio upande wa Kisumu, kwenye maji mapana. Dhoruba hizo za usiku na alfajiri ndizo zinazowapindulia wavuvi mitumbwi.

Kwa hiyo magurudumu yenu yaanze kuzunguka saa 12 na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka, na saa 7 mchana kila gari liwe limeegeshwa mahali litakapolala. Safari za majini, feri na mashua za kutalii, ziwe za katikati ya asubuhi, dhoruba za usiku zikiwa zimeisha na upepo wa mchana haujapata nguvu. Mkiishika ratiba hiyo, mvua nyingi ya Novemba itawakuta mmekaa chini ya turubai mnakunywa chai.

Ila vuli hazifanani. Kwa kawaida masika ya Machi hadi Mei ndiyo mazito, lakini kuna miaka ambapo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika hupata joto kuliko kawaida, na vuli hufurika. Tuliona hivyo mwaka 2019, tukaona tena 2023. Baada ya 2019 ziwa lilipanda hadi kufikia kina cha kihistoria mwezi wa Mei 2020, likapanda tena 2024, na fuo nyingi watu walizozizoea zilimezwa. Basi kabla ya kulipa chochote, someni utabiri wa Oktoba hadi Desemba wa Idara ya Hali ya Anga, kisha mfuatilie ule wa kila wiki. Ukisema mvua itazidi kiwango, nami niko na shemeji zako: ahirisheni.

Sasa barabara. Kutoka Mau Summit hadi ziwani mnashuka zaidi ya mita 1,300, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kati ya Kericho na Awasi. Watu hudhani matatu iliyong'olewa viti imekuwa nyepesi. Pimeni: lita 150 za maji ni kilo 150, ongeza vitanda, magodoro, mtungi wa gesi, sufuria na watu. Dereva akikanyaga breki mteremko mzima, zinapata joto kali, na hapo ndipo mafuta ya breki ya zamani humsaliti. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Yakiwa na maji ndani huchemka mapema, mapovu hujitokeza kwenye mirija, na pedali hushuka hadi sakafuni bila kushika kitu. Nimewahi kukaa kando ya dereva ambaye pedali yake ilizama hivyo karibu na Chepseon, tukaokolewa na gia ya pili na ukingo wa udongo. Tangu siku hiyo siondoki Nakuru na gari ambalo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa ndani ya miaka miwili. Shukeni kwa gia ile ile ambayo mngepandia mlima huo. Mkisikia harufu ya breki kuungua, simameni mahali palipo salama, nusu saa, na msimwage maji juu ya magurudumu.

Mahali palipo salama hapamaanishi Makutano ya Londiani. Najua kuna mahindi ya kuchoma na karoti za bei nzuri. Lakini tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia pale likaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria wa magari yaliyosimama kando ya barabara. Msafara wa magari saba ukisimama kwenye bega la barabara ile, watoto 11 watashuka upande wa malori. Panga vituo vyenu ndani ya ua wa petroli au hoteli, mbali na lami. Na siku ya kurudi kumbukeni kwamba Sachangwan hadi Salgaa ni mteremko kuja Nakuru. Watu huulegeza mkono hapo kwa sababu wanaona wamefika.

Nifike kwenye lile la kufuatana gari kwa gari. Najua linatoka kwenye upendo. Hakuna anayetaka kumwacha mwenzake. Lakini magari saba yaliyobanana ni ukuta. Matatu ya abiria ikitaka kuwapita haina pa kuingia, itakaa upande wa kulia ikikabiliana na lori linalopanda, na ajali itakayotokea itakuwa yenu pia. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde, kabla hata mguu haujagusa breki. Lami ikiwa na maji, acheni nafasi ya kuhesabu taratibu hadi nne. Gawanyeni msafara mara mbili, magari matatu na magari manne, makundi yapishane dakika kumi. Gari zito kuliko yote likae la pili, si la mwisho, ili mwendo uamuliwe na anayechoka. Na kila dereva alinde gari lililo nyuma yake tu. Ukifika njia panda, Awasi, Ahero au Katito, na humwoni wa nyuma, unasimama hapo mpaka umwone. Sheria hiyo moja inatosha. Kikundi cha WhatsApp kitasaidia, ila mtandao hupotea sehemu fulani kati ya Homa Bay na Mbita, na dereva hana ruhusa ya kusoma simu.

Ahero na uwanda wa Kano una udongo mweusi, ule tunaoujua kwa kunata kwenye gumboot. Chembe zake hunywa maji na kuvimba. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa huwa sabuni. Lami itawapitisha, lakini Mto Nyando ukifurika maji huweza kukatiza njia. Maji yanayotembea yakifika kina cha sentimita 30 yanaweza kulichukua gari dogo, na magari madogo mnayo mawili. Mkiyakuta, rudini Ahero mjini mkanywe chai. Udongo huohuo uko katika njia za ndani za Hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, mahali pekee Kenya pa kumwona korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Pelekeni Land Cruiser mbili tu, asubuhi, matatu zibaki Mbita. Na msivae buluu wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o huzifuata rangi hizo kama wanavyolifuata gari linalotembea.

Kulala ufuoni. Hapa, dada, nasema hapana, na ningependa mume wako asome aya hii mwenyewe. Kiboko hukaa majini mchana na hutoka giza likiingia kwenda kula majani nchi kavu, akipitia njia zake zilezile usiku baada ya usiku. Hana nia na wewe. Lakini akikukuta umesimama kati yake na maji, anaona amefungiwa mlango wa nyumbani, na atapita juu yako. Mtoto aliyetoka kwenye hema saa 9 usiku kutafuta choo hawezi kujua amesimama kwenye njia ya kiboko. Tazameni mchana: nyasi zilizofyekwa fupi kama uwanja wa mpira, kinyesi kilichotapakaa kwenye vichaka, mfereji laini kwenye ukingo wa maji. Mkiona hivyo ondokeni. Chagueni uwanja wa hoteli, wa kanisa au wa shule, juu ya mteremko, kwenye murram au changarawe, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kama ni ufuo wa wavuvi, ongeeni kwanza na kamati ya ufuo, ile inayoitwa BMU. Wao ndio wanaojua kiboko alipita wapi wiki hii.

Radi nayo inataka mpango. Mkiwa ndani ya matatu yenye bodi ya chuma na madirisha yamefungwa, mko mahali pazuri, kwa kuwa umeme hupita kwenye ngozi ya chuma ya nje na kushuka ardhini. Hema la paani ni kitambaa kilichoinuliwa juu kuliko kila kitu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, walio kwenye mahema washuke wahamie ndani ya magari, hata kama ni saa 8 usiku na watoto wananung'unika. Msiegeshe chini ya mwembe ulio peke yake.

Na kuna hatari moja isiyopiga kelele. Mkilala njiani upande wa Molo au Kericho mtaona baridi, na mtu atapendekeza kuingiza jiko la makaa ndani ya gari "dakika chache tu." Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishika kwenye damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu husinzia, haamki. Jiko lolote la makaa libaki nje, hata likionekana limezimika. Jiko lenu la gesi lina tabia nyingine: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, karibu na magodoro. Tobo la hewa liwe chini, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Kama hamjawaambia NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na kampuni ya bima kwamba matatu zimebadilishwa, fanyeni hivyo kabla ya safari. Bima iliyokatiwa gari la viti 14 inaweza kugoma kulipa gari la vitanda.

Watoto wataliona ziwa na watataka kuingia. Maji baridi yasiyo na chumvi hudanganya kuwa safi. Kichocho hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya kando. Vijidudu huogelea na kupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache, na mchana wa jua ndio wakati wao. Kujikausha kwa taulo haitoshi. Ogesheni watoto kwa maji ya bomba, au ya ziwa yaliyokaa siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, na ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiponyoka akaingia, msipige mtu. Wekeni tu kumbukumbu, na baada ya miezi miwili mpelekeni kupimwa. Dawa ipo na inafanya kazi.

Malaria ndiyo inayonifanya nisisitize mwende kliniki, ana kwa ana, wiki tatu kabla. Huwa nasikia: "Wenyeji wa Mbita hawamezi dawa yoyote ya kuzuia." Kweli, lakini mtu mzima wa kule ameumwa na mbu maisha yake yote na mwili wake umejifunza kupigana, na watoto wa Homa Bay wamekuwa wakipata chanjo ya malaria tangu 2019. Ninyi mnatoka Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu, ambako mbu huyo ni nadra. Miili yenu haina kinga hiyo. Daktari atapanga dawa kulingana na umri na uzito. Doksisaiklini, kwa mfano, haifai kwa mtoto mdogo wala kwa mjamzito. Na homa yoyote katika wiki zinazofuata safari, hata ndogo, mkapime siku hiyohiyo na mseme mlikuwa ziwani. Daktari wa Nakuru anaweza kufikiria mafua usipomwambia.

Kuhusu dada yetu mjamzito sitazungukazunguka. Malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Uamuzi ni wake na wa mhudumu wa kliniki yake, lakini angekuwa dada yangu wa tumbo moja ningemwomba safari hii aje Kisumu tu, alale hotelini kwenye neti, akutane nanyi usiku wa mwisho.

Je, Januari ni bora? Kwa barabara na mbu, ndiyo. Januari na Februari ni kavu, ziwa huwa tulivu zaidi asubuhi, na Ruma hupitika. Lakini shule zimefunguliwa, na nchi imekauka. Novemba vilima vya Homa huwa kijani kibichi na hewa imeoshwa vumbi, unaona visiwa vilivyo mbali. Nusu ya pili ya Desemba mvua hupungua, ila kila mtu anarudi nyumbani na vyumba hupanda bei. Kwa hali yenu, utabiri ukiwa wa kawaida, ningeenda Novemba, ila nisingezunguka. Kuhama kila asubuhi na magari saba na watoto 11 kutakula saa zenu zote nzuri.

Fanyeni hivi. Usiku wa kwanza Kendu Bay, mkapite Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi ambalo wazee husimulia lilimeza kijiji kilichomnyima kikongwe hifadhi. Kisha usiku tatu mahali pamoja, Mbita au Rusinga, na mtoke kwa magari mawili au matatu kwa zamu: kaburi la Tom Mboya, Ruma, na vilima ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, mwaka 1948. Siku ya tano vukeni kwa feri hadi Luanda Kotieno. Msitegemee magari saba yaingie safari moja. Tumieni yale makundi mawili, kila mtu ashuke garini, breki ya mkono ivutwe, watoto wavae jaketi za kuokolea hata kama wenzao hawajavaa. Pitieni Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, mlale Kisumu. Siku ya sita mpande Kericho asubuhi, kabla ya mawingu.

Na angalieni mwezi wa angani mnapochagua tarehe. Wavuvi wa omena hutumia taa kuwavuta samaki, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi hawatoki. Usiku wa giza ziwa lote mbele ya Mbita huwaka taa kama mji ulioelea, na mtaliona hilo vizuri zaidi kutoka juu ya mteremko kuliko ufuoni. Mwambie mume wako asikasirike kuhusu mchanga. Kukishapambazuka vizuri, muulizeni mtu wa kamati kama njia ni salama, mshuke naye na chupa ya chai. Hapo ndipo mitumbwi inaingia, akina mama wanasubiri na beseni, na omena wanamwagwa juu ya nyavu wakiwa bado wanang'aa.